Muhogo, mbarika na masuku: ukoo mmoja, tabia mbalimbali



Katika mkutano wa juma lililopita kikundi cha shamba kilileta swali ambalo halikupata jibu siku ile, maana mvua ilikuja na kila mtu akakimbilia kwake. Mama mmoja alikuwa ameshika tunda la muhogo, lile dogo la kijani ambalo hatulijali kwa sababu sisi tunapanda muhogo kwa kijiti na si kwa mbegu. Katika mkono wa pili alishika tunda la mbarika, ule mti wa mafuta ya kupaka. Akauliza: "Mbona vinafanana? Ni ndugu?" Tuliahidi kujibu katika ukurasa huu. Ndiyo, ni ndugu, na undugu wao unatuhusu jikoni kuliko tunavyofikiri.

Jaribuni wenyewe. Chukueni tunda la muhogo lililokomaa, lipasueni taratibu kwa kisu. Mtaona vyumba vitatu, na katika kila chumba mbegu moja. Fanyeni vile vile kwa tunda la mbarika: vyumba vitatu, mbegu tatu, ingawa nje lina miiba laini. Chukueni la ule mbono tunaopanda kuzungushia lupango: tatu tena. Tunda likikauka juani linapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Kisha wekeni mbegu ya muhogo karibu na mbegu ya mbarika. Ya muhogo ni ndogo zaidi, lakini zote mbili zinang'aa, zina madoadoa, na kwenye ncha zina kinundu kidogo. Mama yeyote anajua kutambua mtoto wa nani amepita njiani kwa kutazama paji la uso. Mimea nayo ina paji lake.

Muhogo, mbarika, mbono na mti wa mpira wa Brazili ni watu wa nyumba moja. Lakini nyumba hiyo nayo imo ndani ya ukoo mkubwa zaidi, ambao wataalamu wanauita oda ya Malpigiale. Jina linatokana na Marcello Malpighi, daktari wa Italia aliyeishi tangu 1628 hadi 1694, mmoja wa watu wa kwanza kutazama miili ya wanyama na mimea kwa hadubini. Ukoo huo una nyumba 36 na aina za mimea karibu 16,000. Ukihesabu mimea yote ya maua duniani, karibu mmoja katika kila ishirini ni wa ukoo huu. Marakuja yumo. Masuku yumo. Mupundu yumo. Mti ambao Wazungu wa zamani walichemsha gome lake kutuliza homa, na ambao ulifungua njia ya kupata aspirini, yumo. Koka ya Amerika ya Kusini, inayotolewa kokeini, naye yumo, maana ukoo mkubwa haukosi mtoto wa kuaibisha wazee.

Mtauliza: nani alijua kwamba masuku na marakuja ni jamaa, wakati hawafanani hata kidogo? Zamani wataalamu walipanga mimea kwa macho, kwa kuhesabu petali na kupima majani, na miti ya ukoo huu waliitawanya katika makundi mengi. Ni mwaka 1998 tu ambapo kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitoa mpango mpya uliotegemea ADN, ile kamba ya urithi iliyo ndani ya kila chembe hai. Sisi wa Kabongo hatuwezi kushangaa sana. Wazee wa Mbudye walishika lukasa mkononi, wakapitisha kidole kwenye shanga na simbi, na kutoka pale wakataja wafalme wa Waluba na safari zao. Aliyetazama ubao ule bila kufundishwa aliona shanga tu. ADN ni hivyo hivyo: mstari mrefu wa alama ambao aliyejifunza anausoma na kutaja nani alizaliwa na nani.

Na kusoma huko kuliumbua mambo kadhaa ya kufanana kwa bahati. Chukua utomvu mweupe. Muhogo unatoa utomvu, mti wa mpira wa Brazili unatoa utomvu, basi mtu anasema kila chenye maziwa ni ndugu. Si kweli. Wakati wa mfalme Leopold wa Pili, babu zetu walilazimishwa kuingia porini kukamua mpira, na wengi wakapoteza maisha. Mpira ule ulitoka zaidi katika kamba za porini za jamii ya Landolphia, ambazo ni za oda nyingine kabisa. Lakini mti wa mpira wa Brazili, ule ambao Mwingereza Henry Wickham alichukua mbegu zake karibu 70,000 mwaka 1876 na kuzipeleka London, huo ndio ndugu wa karibu wa sombe yetu. Maziwa yanaweza kuzuka katika koo mbili zisizojuana, kama vile jina moja linavyoweza kupatikana Kabongo na Dar es Salaam.

Ukoo huu ni wa zamani sana. Ulianza zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, wakati wa wale wanyama wakubwa dinosauri. Jambo la ajabu ni kwamba nyumba zake nyingi ziligawanyika karibu pamoja, katika muda ambao kwa hesabu ya dunia ni mfupi. Ndiyo maana mpaka leo wataalamu wanabishana nani mkubwa na nani mdogo. Ni kama familia yenye watoto wengi waliofuatana haraka, bila hata mmoja kuwa na cheti cha kuzaliwa. Wakati huo misitu mikubwa ya joto ilikuwa inaanza kufunga, na watoto wa ukoo huu wakajifunza kuishi kivulini, chini ya miti mirefu. Mpaka leo, ukiingia katika msitu mnene wa mvua, miti mingi midogo ya kivulini ni yao.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Kule Moanda, mahali mto Kongo unapoingia baharini, kuna mikoko inayosimama katika maji ya chumvi, na nchi yetu ililinda sehemu ile kama hifadhi mwaka 1992. Mkoko hauangushi mbegu kavu majini. Mbegu inaota ikiwa bado juu ya mti wa mama yake, inatoa kijiti kirefu kama rungu, na inapoanguka tayari ni mtoto aliyeanza kutembea. Huko Indonesia na Malaysia kuna mwingine, Rafflesia, asiye na jani, shina wala mzizi wa kawaida. Anaishi ndani ya kamba ya mti mwingine na kunyonya chakula chake, kisha anatoa ua moja linaloweza kukaribia upana wa meta moja, lenye harufu ya nyama iliyooza ili kuita nzi. Mwaka 2007 ADN ilionyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni nyumba ya muhogo, ambayo maua yake ni madogo mpaka wengi wetu hatujawahi kuyatazama. Tuache hayo, turudi jikoni.

Mmea hauna miguu ya kukimbia. Panya akija kula mzizi, au mdudu akija kula jani, mmea unabaki pale pale. Kwa hiyo ukoo huu ulijitengenezea silaha, na silaha ndizo urithi ambao umegawanywa kwa wingi katika nyumba zake. Muhogo una kitu kinachoitwa linamarini. Kikiwa kimetulia ndani ya chembe hakina madhara makubwa, kwa sababu kimetengwa na kitu kingine kinachokivunja. Lakini mzizi ukikwaruzwa, ukitafunwa au ukitwangwa, viwili hivyo vinakutana na sianidi inatoka, ambayo ni sumu kali. Mti wa mpira una linamarini ile ile. Marakuja machanga na majani yake nayo yana sumu ya jamii hiyo, ndiyo maana tunawakataza watoto kula matunda ya kijani. Likiiva hakuna shida.

Tazameni basi akili ya nyanya zetu. Hawakujua neno sianidi, lakini walijua kwamba muhogo mchungu unamenywa, unalowekwa majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, ndipo unaanikwa na kusagwa. Majini mzizi unachacha, chembe zinapasuka, sumu inatoka na kwenda na maji au hewani. Sombe nayo tunaitwanga vizuri na kuichemsha muda mrefu bila kufunika sana. Kutwanga si kwa ajili ya kulainisha tu. Kutwanga ndiko kunakopasua chembe na kuachilia sumu, na moto unaifukuza. Mama anayekata majani kwa kisu harakaharaka na kuyachemsha kidogo kwa sababu makala ni ghali, amepunguza kazi ya kinu, lakini kazi ile ilikuwa na maana.

Hapa hatufanyi mchezo, akina mama. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa aliouona kule Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Mtu anaamka au anatoka shambani, na ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Hana homa, hakuanguka. Anatembea kwa vidole, magoti yakigongana, au hatembei tena. Watu wa kule waliuita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Unashika zaidi watoto waliokwisha acha kunyonya, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Miguu ile haiponi. Sababu ni kula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri kwa majuma mfululizo, bila maharagwe, samaki, nyama wala mikubala ya kutosha, kwa kuwa mwili unahitaji vyakula hivyo ili kuvunja sumu inayobaki. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, ukame ulileta njaa na zaidi ya watu 1,000 wakapata ugonjwa huo. Kule Bandundu sababu ilikuwa nyingine: barabara mpya ilifungua soko la Kinshasa, mihogo ikatakiwa haraka, na siku tatu za kuloweka zikawa mbili, kisha moja.

Hapo tunasimama kidogo. Sisi pia tunauza. Sisi pia tunajua siku ambayo mnunuzi amefika na gari, na mihogo bado iko majini. Unga wa siku moja unapata franka zile zile, na aliyenunua haoni tofauti kwa macho. Lakini ule unga hautauzwa wote. Kilo kadhaa zitabaki nyumbani, na bukari ya jioni itatoka humo.

Kwa ajili ya siku kama hizo kuna njia ambayo mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aliifanyia kazi, na ambayo kuanzia 2010 wanawake wa vijiji vya Popokabaka, kule kule Kwango, walifundishwa na kuifuata. Haitaki chombo chochote kipya. Weka unga katika beseni, usawazishe, tia alama pembeni kuonyesha ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini, endelea kuongeza mpaka mchanganyiko urudi kwenye alama. Tandaza unga ule uliolowa juu ya mkeka au turubai, uwe mwembamba, usizidi unene wa sentimeta moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu iliyobaki inaondoka hewani. Kisha songa bukari siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haukai. Njia hii inaongezwa juu ya kuloweka, haiji kuchukua mahali pake.

Mbarika una silaha ya namna nyingine. Ndani ya mbegu kuna sumu inayoitwa risini, na mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kuua mtoto. Mafuta yakitengenezwa vizuri kwa moto hayana risini, inabaki katika makapi. Kwa hiyo makapi yasitupwe mahali mbuzi na kuku wanapita. Mbono wa lupango nao: mbegu zake zina ladha nzuri kama karanga, na hilo ndilo linalodanganya watoto. Wanatafuna wakicheza, baada ya saa chache wanatapika na kuharisha. Mtoto akila mbegu za mmoja wa hao wawili, msisubiri kuona kama atatapika. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mbeba mbegu zilizobaki ili muuguzi azione.

Tusimalize kwa kuusema ukoo huu kwa ubaya tu, kwa sababu pia ulituokoa. Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Ulipofika huku ulikutana na ugonjwa ambao haukuujua: majani yanapata mabaka ya manjano, yanajikunja, na mizizi inabaki membamba. Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Katika miaka ya 1930, kituo cha Amani, milima ya Usambara, mtaalamu H. H. Storey na mwenzake Nichols walitafuta muhogo usioshikwa, hawakupata wa kutosha. Ndipo wakageukia jamaa. Wajerumani walikuwa wamepanda mashamba ya mti mmoja wa Brazili kwa ajili ya mpira, Manihot glaziovii, ambao ni kama binamu wa muhogo. Mti ule ulistahimili ugonjwa. Wakachukua vumbi la ua la mmoja na kulipaka ua la mwenzake, wakapanda mbegu, wakachagua, wakarudia kwa miaka mingi, kwa sababu watoto wa kwanza walikuwa na nguvu lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Vizazi vya kazi hiyo vilipelekwa Nigeria, na kuanzia 1971 kituo cha Ibadan kiliviendeleza. Mihogo mingi inayostahimili mabaka ambayo Afrika inapanda leo ina damu ya mti ule wa mpira. Watu wa pwani ya Tanzania hata majani yake wanapika, wanayaita kisamvu cha mpira.

Ndiyo sababu tunaomba vikundi visitupe aina za zamani za muhogo kila mara kijiti kipya kinapoletwa. Kijiti ni mapacha: shamba lote la kijiti kimoja ni mmea mmoja uliorudiwa, na ugonjwa ukijua mlango wa mmoja umejua milango yote. Mama mwenye aina nne shambani, hata kama moja inazaa kidogo, ameweka kitu cha akiba. Na ile miche inayojiotea yenyewe kutokana na mbegu iliyorushwa na tunda, msiing'oe yote. Hiyo haifanani na mama yake. Aina mpya huzaliwa hapo.

Neno la mwisho ni la masuku, maana msimu unakaribia na makala yanachomwa kila upande. Wengi wanasema: mti huu hauzai, ukatwe. Lakini mti wa masuku una jinsia. Kuna miti dume na miti jike. Dume hatoi tunda hata siku moja, anatoa vumbi la maua tu, na bila yeye jike naye anakaa bure. Mkikata madume yote yaliyo karibu na kijiji kwa sababu hayazai, msishangae majike yakipunguza matunda mwaka unaofuata. Chini ya miti hiyo hiyo ndipo bowa nyingi tunazouza zinapoota, kwa sababu mizizi ya masuku na nyuzi za bowa zinalishana ardhini. Kabla ya kumruhusu mchoma makala, pitieni wakati wa maua na kutia alama ya chokaa kwenye madume machache yasiyoguswa. Kikundi cha shamba kimesema kitaanza na miti ya upande wa mto. Atakayetaka kujiunga alete jina lake kwa mwandishi wa chama kabla ya Jumamosi.